Mkono wa Kuazima

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zimelewa lakini zinasomeka. Mkono wa kulia umegoma tangu Januari, vidole vimejikunja kama miguu ya kuku aliyechinjwa. Siri hii tunaijua wawili: mimi na vifungo vya shati langu.

Bi Noelia, mfamasia wa hospitali kule mjini, aliniagiza niandike hali ya mkono kila siku. Nina madaftari mawili. La kwake linasema: mzuri, mzuri, mzuri sana. Hili ni langu.

Zamani nilikaa kwenye basi masaa mawili kufuata dawa yangu ya viungo. Sasa gari la hospitali linaniletea mlangoni, sindano zenye umbo la kalamu, na Bi Noelia ananiuliza hali kwenye kioo cha tableti. Kijiji kina watu themanini. Gari linasimama kwangu. Kwa Saturnino jirani linapita tu, na yeye huwa dirishani analitazama. Naona raha.

Jioni kapiga simu binti yangu Azucena kutoka jiji la Saragosa. Anakuja Ijumaa Kuu. Kasema, "Baba, mwaka huu ukishindwa kushika rungu la ngoma, nakupakia kwenye gari. Chumba nimeshakipaka rangi." Nikauliza rangi gani. Krimu. Mimi, Melchor, niishi ghorofa ya saba ndani ya krimu.

Ijumaa Kuu saa sita kamili mchana kijiji chetu chote hupiga ngoma kwa pigo moja. Nimepiga miaka sitini na mmoja bila kukosa. Hapa siondoki.

Jumatano, 6 Machi

Ujumbe kutoka hospitali. Kesho saa nne Bi Noelia atautazama mkono kabla ya kutuma dawa nyingine. Nifunge ngumi, nifungue, niguse kidole kimoja kimoja kwa gumba.

Haiwezekani. Akiona, atamwambia Azucena. Azucena atawasha gari. Krimu.

Nimefikiri hadi supu ikapoa. Kisha nikapata mpango ambao hata askofu angeuvulia kofia. Mkono ni mkono. Kioo hakijui mwenyewe ni nani. Saturnino ana mkono mzima, tena mvivu, kwa hiyo haujachakaa.

Nimemwendea. Alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akakaa. Akasema mimi ni mzee mjinga. Nikamwambia yeye ananizidi miezi minne. Akataka soseji, kamba nzima, zile za nguruwe tuliyemchinja Desemba. Mwizi. Nimekubali.

Alhamisi, 7 Machi

Nimevaa kanzu yangu ya zambarau ya Ijumaa Kuu, maana mikono yake ni mipana, inameza watu wawili. Mkono wangu mgonjwa nyuma ya mgongo. Saturnino chini ya meza, mkono wake ndani ya kanzu yangu.

Bi Noelia akatokea kwenye kioo. Akauliza kwa nini nimevaa kanzu ya Ijumaa Kuu wakati Ijumaa Kuu bado. Nikamjibu kuwa mpigaji wa kweli hujizoeza mapema. Akaridhika. Akaniambia nifunge ngumi. Mkono ukafunga. Nifungue. Ukafunguka vizuri kama wa mpiga kinanda. Nikasema, unaona, binti yangu, mkono wa kijana.

Saturnino akakohoa. Nikasema ni mbwa. Akauliza tangu lini nina mbwa. Tangu jana, nikasema.

Kisha akaomba niweke mikono yote miwili mezani, sambamba. Nikaweka. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Don Melchor," akasema, "mbona magumba yako yote mawili yanatazama upande mmoja?"

Nikatazama. Mguu wa meza ulimzuia Saturnino kukaa sawasawa, kwa hiyo alikuwa amejigeuza na kunitolea mkono wa kushoto. Nilikuwa na mikono miwili ya kushoto. Tena mmoja una pete ya ndoa ya marehemu Engracia, mke wa Saturnino.

Nikasema ni kioo kinachogeuza mambo. Bi Noelia akasema, "Mwambie mbwa atoke, apewe kiti."

Saturnino akatoka na utando wa buibui kichwani, akamsalimu kama mbunge.

Nilingoja matusi. Bi Noelia hakutukana. Alicheka kwanza, muda mrefu, halafu akaniambia kwa upole nimwonyeshe mkono wenyewe. Nikautoa. Hakucheka tena. Akaniuliza umekuwa hivyo tangu lini, na dawa nachoma kila wiki? Kila Jumapili, nikasema, na hapo sikudanganya. Akaomba nifungue friji aone kalamu.

Nikafungua. Soseji hadi mlangoni. Kalamu ziko wapi? Nikamwambia kwa fahari: pangoni kwangu, kilimani, alikochimba babu wa babu yangu. Mvinyo wetu hulala humo na haujawahi kuwa siki. Friji kitu gani.

Akashika paji la uso. Kasema pango la mvinyo lina baridi ya mvinyo. Dawa hii inataka baridi zaidi, na iliyokaa humo tangu Desemba imekufa zamani. Miezi miwili na zaidi nimejichoma maji ya bure. Mkono haujanisaliti. Ni mimi niliyeusaliti.

Sentensi hiyo ya mwisho ni yake. Mimi nisingeiandika, lakini alinitazama hadi nikaiandika.

Nikamwomba asimwambie Azucena. Akasema kazi yake ni dawa, mabinti ni kazi ya baba zao, ila mwaka huu ngoma anataka aisikie kwa simu. Alhamisi ijayo gari litaleta kalamu mpya na kuchukua zile zilizokufa. Atanipigia kila Jumatatu. Akamwamuru Saturnino anitolee nafasi kwenye rafu ya katikati ya friji. Saturnino akaondoka na kamba tatu za soseji. Kwa afya yangu, kasema.

Alhamisi, 14 Machi

Gari limekuja. Boksi jeupe, barafu ndani, na kidude chenye taa: kijani maana yake dawa haikupata joto. Kijani. Dereva kasubiri hadi nimeiweka kwenye friji, ameagizwa. Bi Noelia alinitazama kwenye kioo nikijichoma. Nimefumba macho kwa sababu ya jua.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nimefunga kifungo cha shati kwa mkono wa kulia. Cha chini, lakini kifungo. Nilimwonyesha Bi Noelia. Akapiga makofi peke yake ofisini.

Jumatatu, 1 Aprili

Naandika kwa mkono wa kulia. Tazama herufi zilivyosimama.

Ijumaa Kuu nilishika rungu. Vidole viwili havikufunga sawasawa, vitatu vilitosha. Saa sita ikagonga, nikapiga. Azucena hakutazama ngoma, alitazama vidole. Nilipiga saa nzima, simu ikiwa wazi mfukoni ili Bi Noelia asikie. Azucena akalia kidogo, akasema ni vumbi. Saturnino, mdomo wake hauna mlango, akamsimulia habari ya meza. Nilidhani nimekwisha. Azucena kacheka hadi akanishika bega. Kasema chumba atampangisha mwanafunzi. Amerudi Saragosa jana, peke yake.

Habari nyingine. Bi Noelia alikisikia kile kikohozi cha mbwa, akamtafutia Saturnino daktari wa mapafu. Sasa na yeye ni wa gari. Linasimama kwake pia, na anajivuna hadi anachosha. Ila kesho kutwa ana simu yake ya kwanza. Ataambiwa apulize kwa nguvu kidude cha kupima pumzi, na alishasema ameacha sigara. Hajaacha.

Amekuja kwangu leo kichwa chini, kuazima pumzi. Mapafu yangu ni chuma, kila mtu anajua. Kosa la mara ya kwanza lilikuwa meza, basi. Ndogo mno. Kesho tunaazima ile ya kanisani.