Hatua Saba Mbele ya Kamera

Jumatatu, 6 Machi

Daktari amesema nipange mambo yangu. Nimeyapanga. Limebaki moja, nalo ni uongo wa miaka hamsini na mmoja.

Uongo wenyewe ni huu. Mwaka 1972 ghala la vitambaa liliungua hapa Binondo, mtaa wa Wachina wa Manila, na picha yangu ikatoka gazetini nimembeba mtoto wa kike. Kikosi chetu cha kujitolea cha zimamoto kiliitundika ukutani. Ipo hadi leo. Lakini aliyeingia motoni ni Delfin, mwenzangu kikosini. Alimfikisha mtoto mlangoni, moshi ukamkata magoti. Nikampokea mtoto, nikatembea naye hatua saba hadi kwa mpiga picha. Hatua saba!

Lazima nikiri kabla sijafa, jina la Delfin lirudi mahali pake. Nitakiri leo.

Mchana wakaja watu wa filamu. Mwongozaji wao, Bi. Amihan, anatengeneza filamu kuhusu maisha ya vikosi vyetu na undugu wetu. Akaiona picha. Macho yakamlowa. Nikaona si vizuri kumharibia siku.

Nitakiri kesho.

Jumanne, 7 Machi

Filamu za wazima moto zote ni moja. Nimezitazama. Nyuso zenye masizi zinapita polepole, kinanda kinalia. Kisha mezani, wote wanacheka.

Bi. Amihan akatuomba tule kama kawaida yetu. Kawaida yetu kila mtu hula amesimama, akilinda sahani yake. Tukakaa. Tambi zikaletwa. Delfin akamwambia dereva wetu Wilson, "Juzi ulimaliza pilipili ya watu, leo kaa kule, fisi we!" Wilson akamjibu kwamba Delfin ndiye anayekula kama gari lililotoboka tangi. Bi. Amihan akaomba warudie, bila fisi. Wakarudia mara sita. Tambi zikapoa. Undugu pia.

Zamu yangu ikafika. Nikaulizwa kuhusu ule moto. Nikafungua mdomo kukiri. Zikatoka ngazi zinazoporomoka, boriti inayowaka na mtoto wa pili. Wa pili! Sijui alitoka wapi. Delfin alikuwa nyuma ya kamera, anatafuna.

Nimelala na aibu.

Alhamisi, 9 Machi

Nimelitambua kosa langu: mazingira. Mtu hawezi kukiri jambo zito mbele ya sahani ya tambi.

Nina mpango. Juu ya paa langu lipo pipa la bati ninamochomea mababu karatasi za sadaka, kama majirani wote. Moshi wa sadaka haumshtui mtu hapa. Nitauongezea uzito kidogo: gunia bichi na kandambili mbili kuukuu. Nitawaita wenzangu kwa redio ya mawasiliano ya kikosi iliyo kando ya kitanda changu. Watakuja wao tu, taratibu, na kamera. Nami nitakiri, moshi ukiwa nyuma yangu.

Mjukuu wangu Shirlene ameniuliza ninatafuta nini kwenye kabati la viatu. Nimemwambia ninapanga mambo yangu.

Ijumaa, 10 Machi

Balaa!

Sikujua kandambili mbili zina moshi kiasi kile. Pia nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa Binondo analijua: kila kikosi husikiliza redio ya mwenzake, na sifa ni ya atakayemwaga maji wa kwanza. Yakaja magari kumi na moja! Vikosi viwili vikashikana mashati barabarani. "Toka hapo, hili bomba tulilikuta sisi!" "Mlilikuta mkiwa mmepotea njia!" Kikosi changu mwenyewe kikafika cha tatu.

Maji yalinipiga kifuani kabla sijatamka neno. Pipa likapinduka. Sadaka za mababu zikaelea hadi mtaa wa pili.

Halafu mlango wa paa ukafunguka. Delfin! Miaka themanini na miwili, ghorofa nne, goti la chuma. Alikuwa analia. Aliponiona mzima aliniita majina nisiyoweza kuyaandika, kisha akaniweka mgongoni. Nikamwambia naweza kutembea.

"Nyamaza, Ahia. Usinimalizie pumzi." Ahia ni kaka mkubwa; huniita hivyo hata akinitukana.

Kamera imezirekodi ngazi zote. Shirlene ameuliza, "Angkong, babu mzima, miaka thelathini umefundisha kemia, leo unachoma kandambili?" Nimemwomba taulo kavu.

Jumamosi, 11 Machi

Goti la Delfin limevimba kama papai. Nimeenda kwake na mtungi wangu wa oksijeni na mikate ya mvuke yenye nyama. Nikakiri. Yote. Hatua saba, picha, hata mtoto wa pili. Nikalia.

Yeye akamaliza mkate kwanza.

"Ahia, hilo tunalijua sote. Hata yule binti wa motoni anajua. Harusini kwake mimi ndiye niliyekaa meza ya mbele. Wewe ulikuwa karibu na jikoni, hukujiuliza?"

Nikauliza kwa nini walininyamazia. Akasema magoti yake yalikuwa yamekwisha, na zile hatua saba ilikuwa lazima awepo mtu wa kuzitembea. "Ungemwangusha, hapo ningekusema."

Nikaahidi kumwambia Bi. Amihan ukweli. Akasema sawa, kwa simu, sentensi moja, basi. Hataki kamera chumbani mwake.

Nimerudi nyumbani mwepesi kama unyoya. Hivi ndivyo mtu anavyopaswa kufa.

Jumapili, 12 Machi

Nimempigia Bi. Amihan. Sikumwambia. Nimemwambia ninao ukweli mzito, asiukose. Sentensi moja kwa simu! Toba ya miaka hamsini na mmoja, na kwa Delfin mwenyewe nilikiri jana bila shahidi hata mmoja!

Anakuja kesho na taa kubwa. Tutafanyia chumbani kwa Delfin. Kitanda chake kitasogezwa mbali kidogo na dirisha, maana mwanga mzuri unamtosha mtu mmoja. Nitavaa shati jeupe. Shirlene amesema hiyo ni habari ya Delfin, nimwachie Delfin. Haelewi filamu mtoto huyu. Delfin hawezi kusimulia.

Hata hivyo sikumsahau. Nimemwandikia sentensi yake: kwamba maishani hajaona mtu jasiri wa kukiri kama mimi. Akiisema vizuri mara ya kwanza, hatutamwomba arudie.