Mama Amepona, Karatasi Inakataa

Jumatatu, tarehe 4 Agosti
Dada yangu amenipa daftari hili. Eti kila siku niandike jambo la kushukuru, huenda nikapunguza kulalamika. Haya. Nashukuru mama ametoka hospitali baada ya miezi mitatu. Nashukuru Jumamosi tunamfanyia sherehe. Nashukuru zaidi kwamba vijitabu vya sherehe, mia moja na ishirini, vyenye picha ya mama kwenye jalada, nitachapa mimi dukani kwangu. Si Mama Lamineti wa duka la mkabala! Watu walimpa jina hilo kwa sababu kila karatasi anaivika plastiki, hata orodha yake ya sokoni.

Dada alitaka kumpa yeye. Nilibembeleza siku mbili. Amekubali, ila akaonya kwamba nikiharibu picha ya mama, kazi zote za ukoo zitavuka barabara.

Hakuna kitakachoharibika. Niko fiti. Hata macho hayaniumi tena, tangu mwezi jana nilipoiweka skrini kwenye ule mwanga wa kupumzisha macho. Nashukuru kwa hilo pia.

Jumanne, tarehe 5 Agosti
Dada ameleta picha aliyoipiga kwa simu, mama akiwa getini mwa hospitali. Nimeifungua. Masikini, gauni jeupe limekuwa la njano! Simu ya dada haijui rangi. Nikaishusha njano kidogo kidogo hadi gauni likawa jeupe pe. Kazi ya fundi hiyo.

Nikachapa. Mama akatoka wa bluu. Bluu! Meno bluu, viganja bluu. Kwenye skrini, mzuri kama nini. Kwenye karatasi, mtu aliyeopolewa mtoni.

Printa ndiyo mbovu. Nimesafisha vichwa vyake vya wino mara tano. Nimebadilisha wino wa njano. Nimefuta programu ya printa na kuiweka upya. Bado bluu. Nashukuru mashine haina masikio, maana niliyoyasema si ya kuandikwa kwenye daftari la shukrani.

Jumatano, tarehe 6 Agosti
Nimepata wazo! Nimempigia dada, nikashauri sherehe yote iwe ya bluu: nguo, vitambaa vya meza, maua. Mama akiwa wa bluu kwenye jalada, itaonekana tumepanga. Dada akauliza picha imefikia wapi. Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata simu.

Mchana mama mwenyewe akapita, anatembea na mkongojo wake mpya. Kabla sijaficha karatasi, ameshaiona. Akaitazama sana. Akauliza kwa upole kama madaktari wamenipigia simu kunieleza jambo ambalo yeye hajaambiwa.

Hapo niliumia kweli. Miezi mitatu tumeomba apone, halafu mimi namrudisha kitandani kwa wino! Nikamwambia ni karatasi ya majaribio tu. Akanipapasa kichwa, akasema ananiamini. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti
Mbinu mpya. Nimeitia picha kwenye flashi, nikavuka barabara na kofia usoni. Nikamwambia Mama Lamineti ni kazi ya mteja wangu, printa yangu imepumzika kidogo, anichapie nakala moja tu. Akachapa.

Bluu vilevile! Nilishindwa kuzuia kicheko. Kumbe na yake mbovu! Nashukuru sana, sana.

Mama Lamineti hakucheka. Akasema mashine yake ni nzima, picha ndiyo iliyochezewa, na huyo mteja wangu apimwe macho. Nikamjibu kwamba nitamfikishia ujumbe. Akaitazama tena picha, akauliza mbona mtu wa pichani anafanana na mama yangu. Nikaondoka bila kuaga.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti
Kesho ndiyo sherehe. Sina jalada hata moja. Saa nne asubuhi Mama Lamineti kaingia dukani bila hodi. Kumbe wakati mama amelazwa, yeye alikuwa akimpelekea uji kila Jumapili! Wala sikujua. Akasema hakuja kwa ajili yangu.

Hakuigusa kompyuta. Alibonyeza vitufe viwili vya printa, ikatoa karatasi yake yenyewe ya majaribio. Nyekundu nyekundu, njano njano, bluu bluu. Mashine nzima kabisa! Halafu akageukia skrini, akauliza kwa nini imepakwa manjano. Nikamweleza habari za mwanga wa kupumzisha macho. Akanitazama kama ninavyotazama watu wanaoleta picha zao zimekunjwa mara nne. Akauzima.

Ghafla mama akawa wa bluu hata kwenye skrini. Kumbe skrini ndiyo iliyokuwa ya njano, na mimi nimemnyima mama rangi yake kwa mkono wangu.

Akaichukua picha ya asili ambayo sijaigusa. Tukachapa wote wawili, yeye akichapa, mimi nikikunja. Saa kumi jioni, mia moja na ishirini. Mama ni wa kahawia, ana afya, anacheka. Nilitoa machozi. Nikasingizia vumbi la karatasi.

Jumapili, tarehe 10 Agosti
Sherehe imefana. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kuhusu ufundi wangu. Mama akaniwahi. Akasimama bila mkongojo, akamshukuru Mama Lamineti mbele ya ukoo mzima, kisha akanishukuru mimi kwa kukunja vizuri. Watu wakapiga makofi. Nimekubali. Nilimfuata Mama Lamineti nikamshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe, na nilimaanisha. Akanipa nakala moja ya jalada la mama. Ameivika plastiki.

Jumanne, tarehe 12 Agosti
Nashukuru kwa funzo nililopata. Skrini ni ya kuachwa ilivyo, sitaigusa tena maishani! Ila tangu irudie mwanga wake wa kawaida, macho yananiwasha. Kwa hiyo nimejitafutia miwani yenye vioo vya njano. Raha iliyoje! Naivaa tangu asubuhi.

Leo nimepokea picha za harusi ya mwalimu mmoja. Ajabu, shela la bibi harusi lina njano tupu. Mpiga picha gani huyu! Nashukuru kazi imeangukia mikononi mwa mtu anayejua. Nimeshaanza kuishusha.