Sungura wa Adero na Simbilisi wa Ng'ang'a

Jumatatu, 3 Juni 2024
Soweto West. Mvua. Sungura wa marehemu mke wangu, Adero, ametimiza miaka miwili na hajazaa. Ndiye peke yake aliyebaki kati ya sungura wake. Ana sikio moja jeupe. Adero alikuwa akilipangusa kwa ncha ya leso. Nataka mtoto mwenye sikio hilo. Mbuvi wa Kawangware ana dume, lakini mwenye dume ndiye huchagua mtoto wa kwanza. Atachukua sikio jeupe! Namjua.

Jumanne, 4 Juni
Mpango. Jirani yangu Ng'ang'a ana simbilisi dume, kale kanyama kadogo kasiko na mkia. Meno yaleyale, majani yaleyale, na Ng'ang'a hadai mtoto. Nimemwazima. Amempanda sungura mara mbili, moja upande wa kichwa. Nilitazama ukuta, kwa heshima.

Alhamisi, 20 Juni
Siamini! Sungura anajinyofoa manyoya ya kifua na kutandika kiota. Nimetangazia wapangaji wote wa ploti. Nimempigia Mbuvi simu, aumie kidogo. Akauliza baba ni nani. Nikakata.

Jumapili, 23 Juni
Kiota kitupu. Nimepekua manyoya kwa vidole. Hakuna kitu! Tumbo la sungura limenywea. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 24 Juni
Daktari wa mifugo, Yvonne, alikuwa Makina akichanja mbwa. Nilimpelekea sungura, nikamweleza habari za simbilisi. Akacheka mpaka akaweka sindano chini. Ameeleza kwamba sungura akipandwa huachilia mayai, na mwili unaweza kudanganyika kuwa una mimba. Lakini kila yai limevaa koti, na mbegu ya dume lazima ishikane na koti hilo ndipo iingie. Ya mnyama mwingine haishiki. Nilikaa chini. Kitu kisichoonekana kwa macho, kinajua nani ni wake!

“Mzee Khamala, yai halimjui huyo simbilisi,” akasema. “Mtafutie sungura mwenzake, na haraka. Huyu anazeeka.”

Jumanne, 25 Juni
Mbuvi amepiga. Habari zimefika Kawangware. Anasema nimpeleke sungura, hataki mtoto hata mmoja, kwa sababu Adero alimpelekea mama yake Mbuvi uji alipougua. Hataki hata mmoja? Hila hiyo. Nimekataa kwa upole.

Nimewaza sana maneno ya daktari. Yai halimjui. Kumbe shida ni kutojuana! Hata mimi nilienda kwa kina Adero mara tatu kabla hajanisalimia. Nimemwazima simbilisi tena, mwezi mzima. Wanakula sahani moja. Sungura amempa kisogo.

Adero pia alianza hivyo.