Pampu ya Uroa Yafundishwa Adabu

Kwa heshima na taadhima, napenda kuutangazia umma wa Unguja kwamba pampu zetu za maji sasa zina adabu. Wapo wanaolalamika kuwa maji yalichelewa. Hao hawajawahi kulea.

Mimi ni Khatib Kificho, Naibu Mkurugenzi wa Itifaki katika Idara ya Mwenendo wa Mitambo, Mji Mkongwe, mlango wenye pazia. Kabla ya jambo hili kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mgeni rasmi hakalishwi mbele ya feni itakayompeperushia kofia. Nilishindwa mara moja tu, na kofia ilipatikana.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Pampu ya Uroa ilinunuliwa nchi moja, na kisanduku cha kuiendesha, ambacho ndani yake mna kompyuta ndogo, kikanunuliwa nchi nyengine. Vilipofungwa, havikuelewana. Kisanduku kikisema, pampu imenyamaza. Tangi likikauka, imenyamaza. Wanawake wa Uroa wakarudi kwenye kisima cha maji ya chumvi, wakawa wanapika mchuzi bila ya kuutia chumvi, na chai ikawashinda kabisa.

Mhandisi wetu, Bi Riyama, alitoa dawa yake kikaoni. Alisema tuingize maktaba ya itifaki ya mawasiliano ndani ya mfumo endeshi wa kisanduku, tuijaribu, na maji yatatoka wiki hiyo hiyo.

Mkurugenzi wetu, Bwana Tahir, aliposikia maktaba akamwita Usi, fundi seremala, aje apime rafu. Usi alikizunguka kisanduku, ambacho hakizidi sinia ya watu wawili, akauliza wasomaji wataingilia upande gani. Ndipo Riyama akaeleza kuwa maktaba hiyo ni fungu la programu zilizokwishaandikwa na wataalamu. Kisanduku kikilipata, kinajua kuisemesha pampu. Mkurugenzi akasema hilo alilijua, alitaka tu kuona kama seremala analijua.

Ikabaki itifaki, yaani kanuni za mitambo kusemezana, nikakabidhiwa mimi.

Nilimuuliza Riyama nani anaanza kusema. Akajibu kuwa kisanduku ndicho mkuu, kinauliza na pampu inajibu; pampu haifungui mdomo mpaka iulizwe. Mkurugenzi alifurahi mno. Alisema huo ndio utumishi wa umma alioutafuta maisha yake yote. Ila aliona kasoro.

"Tangi likipungua, kisanduku kinaiamrisha pampu iwake?"

"Naam," alisema Riyama.

"Na mie nipo wapi hapo?"

Riyama hakumficha. "Kwa kweli, Mkurugenzi, wewe humo kabisa."

Kikao kizima kikatazama meza. Nikahisi taifa linanitazama. Nikapendekeza, kwa mujibu wa mila na desturi, kwamba pampu ianze kwa kumwamkia mkuu wake Shikamoo, kisanduku kiitikie Marahaba, na kila amri itangulizwe na jina na vyeo vya Mkurugenzi. Pendekezo lilipita bila ya kupingwa, kwa sababu Riyama hakupewa nafasi.

Baadaye alitueleza kuwa ujumbe wa mitambo una nafasi finyu na vyeo vya Mkurugenzi havienei. Tukaunda kamati ya kuondoa maneno yasiyo ya lazima. Tuliondoa mengi, likiwamo lile la kuiambia pampu iwake. Siku ya majaribio pampu iliamkia, ikaitikiwa, ikapokea vyeo vyote kimoja baada ya kimoja, na haikufanya kitu. Mkurugenzi aliyaita hayo mafanikio. Mwanzo ilikuwa inanyamaza kwa ujinga, alisema, sasa inanyamaza kwa heshima.

Wiki hiyo akaja ofisini Bi Mwanapili, mama mtu mzima wa Uroa mwenye kuuza maandazi. Alisema biashara imekufa, kwani unga alioukanda kwa maji ya kisima wateja wanaumeza kama dawa ya minyoo. Nilimweleza kwa kirefu kuhusu mchakato shirikishi wa kuijengea pampu uwezo wa kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "nyinyi mnaifunza kusema. Sisi tunataka iteme."

Maneno hayo yaliingia kwenye masikio ya watu, yakafika redioni, na Mkurugenzi akaona bora maji yatoke. Akakubali salamu na vyeo viondolewe, kwa sharti moja: yeye abaki kwenye mtandao wa mitambo hiyo, tena mbele ya pampu. Riyama hakubisha. Alimwekea mezani kifaa chenye kitufe cha kijani, akampa yeye anwani ya kwanza, na pampu akaipa ya pili. Kisanduku kitamuuliza Mkurugenzi kwanza, naye akibonyeza, pampu itawaka.

Uzinduzi ulifanyika Uroa. Mimi nilitengeneza viti na hema, na kwa bahati mbaya nikaomba skrini kubwa, ili wageni wayaone mazungumzo ya mitambo kwa macho yao. Mkurugenzi alisimama jukwaani kuhutubia juu ya viongozi kuwasikiliza wananchi. Kitufe chake kilikuwa mezani Mji Mkongwe.

Tangi likapungua. Kwenye skrini pakatokea: MKURUGENZI ANAULIZWA. Kisha: MKURUGENZI HAJIBU. Watu wakaacha kumsikiliza, wakawa wanasoma. Akaulizwa tena. Hajibu. Yeye akadhani utulivu ule umeletwa na hotuba, akaongeza sauti. Nyuma yake skrini ikaandika: MKURUGENZI NI MBOVU. AMEONDOLEWA KWENYE MTANDAO. Na chini yake: PAMPU IPO. INAWAKA.

Bomba lililokuwa pembeni ya jukwaa likakohoa, likatema. Maji yakaja kwa nguvu mpaka ndani ya viatu vya mgeni rasmi. Bi Mwanapili alipita chini ya utepe ambao haujakatwa, akatega ndoo.

Mkurugenzi, akiwa ameshika viatu vyake mkononi, alimuuliza Riyama nani kafanya vile. Riyama alijibu kuwa hakuna mtu. Ndivyo maktaba yenyewe ilivyoandikwa: asiyejibu huhesabiwa mbovu na kurukwa, ili wengine wasife kiu kwa ajili yake.

Akaamuru arudishwe kwenye mtandao. Riyama akasema inawezekana, lakini kifaa kilichoondolewa kwa ubovu lazima kijaribiwe kwanza. Basi tangu siku ile kifaa cha mezani kinamuuliza Mkurugenzi kama yupo, naye anabonyeza. Haendi safari, haendi semina. Habari zimeenea, na watu wanatoka Paje na Makunduchi na shida zao, kwa kuwa ndiye mkurugenzi pekee mjini anayekutwa kitini. Anawasikiliza wote, kidole kikiwa juu ya kitufe.

Juzi nilimuuliza Riyama kwa siri majaribio yatakwisha lini. Akaniambia tangu uzinduzi kile kitufe hakijaungwa tena popote. Nimeliandika hapa bila ya wasiwasi, maana Mkurugenzi hapati tena nafasi ya kusoma. Hata hivyo, kwa kuzingatia utawala bora, nilikwenda Uroa kuwauliza wadau kama ni haki aambiwe. Walishauriana kwa utulivu, wakamchagua Bi Mwanapili awasemee. Aliipua maandazi yake kwanza, akanipa moja, lilikuwa tamu.

"Mwacheni abonyeze," alisema.