Kamusi na Asili ya "Hang Up"

Duniani kuna watu wanaojua Kiingereza, kuna Waingereza wenyewe, halafu juu yao wote kuna Kamusi, kinyozi wa nyuma ya soko. Ndivyo alivyojiona, na hakuna mteja aliyembishia. Nani atabishana na mtu aliyemshikia wembe shingoni?

Asubuhi moja alikuwa akimnyoa ndevu fundi viatu, simu ikaita kwenye rafu. Baba wa mchumba wake! Kamusi alimpenda yule binti mpaka chakula kilikuwa hakipiti. Mikono imejaa povu, akapokea kwa kiwiko, akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, mzee wangu!"

"Marahaba, mwanangu. Posa yako tumeikalia kikao. Jioni nitakupa jibu."

"Nashukuru sana, mzee! Nasubiri kwa heshima zote!"

Akabonyeza tena kwa kiwiko ili akate. Kiwiko kikateleza. Simu haikukatika, wala yeye hakuwa na habari.

"Hapo nime-hang up," akasema kwa madaha.

"Umefanya nini?"

"Nimekata simu! Asili yake unaijua? Hang ni kuning'iniza, up ni juu. Zamani, ndugu yangu, simu ilikuwa sanduku la ukutani. Ukimaliza kuongea, unaning'iniza kile kidude cha kusikilizia kwenye ndoano, maongezi yanakatika. Ndoano zimekwisha, neno limebaki!"

"Makubwa!" fundi viatu akasema, povu likamwingia mdomoni.

Kichwa cha Kamusi kikavimba. "Mtu wa kisasa anakata kwanza, ndipo anasengenya. Sasa huyu baba mkwe wangu atayajulia wapi hayo? Simu anaipigia kelele kama anafukuza ng'ombe shambani!"

"Taratibu, atakunyima binti."

"Ataanzia wapi? Nimemwambia nina saluni tatu, akaamini, maskini! Hata hicho kiti ulichokalia ni cha shemeji!"

Rafu ikakohoa.

Kamusi akageuka. Wembe ukamponyoka. Kwenye kioo cha simu, sekunde zilikuwa bado zinakimbia.

"Endelea, mwanangu," sauti ikasema, kwa upole wa kutisha. "Somo ni tamu. Ila hapo pa kukata sijapaelewa vizuri."

"Mzee... ni... unabonyeza tu pale..."

"Ahaa. Kama hivi?"

Simu ikakatika. Na uchumba nao.