Injini Iliyokufa ya Bi Marlys

Siku Clifford Pruitt alipoiona ile vani imeegeshwa kando ya nyumba ya Marlys Engebretson, mjini Duluth, Minnesota, alikanyaga breki mpaka kofia ikamfunika macho. Vani ya miaka arobaini, na bodi haina hata tundu la kutu! Kule Chicago alikuwapo daktari wa meno aliyekuwa tayari kumwaga dola elfu ishirini kwa vani kama hiyo, mradi iwe na injini yake ya kiwandani.

Clifford hakuwa mwizi. Mwizi huvunja dirisha. Yeye alibisha hodi, akafuta viatu, akajitambulisha.

"Mama, unaiuza?"

"Siiuzi," alijibu Marlys, mjane wa miaka sabini na mmoja, dereva mstaafu wa basi la shule. "Nawaza kuitia injini ya dizeli ya kisasa. Vilima vya hapa vinaitoa roho. Mwezi uliopita nilipitwa na mtu wa baiskeli, tena ananipungia mkono."

"Dizeli!" Clifford alishika kifua. "Nani kakudanganya, mama yangu? Injini yenyewe ghali. Bado vyuma vya kuikalisha, rejeta kubwa, nyaya, kompyuta. Na giaboksi yako ya zamani ikionja nguvu za dizeli, itasagika kama karanga."

Hapo, kwa bahati mbaya, alikuwa anasema kweli, jambo lililomshangaza hata mwenyewe.

"Ndivyo nilivyoona hata mimi," alisema Marlys. "Basi ile ya zamani—"

"Ya zamani ndiyo usiseme!" Clifford alipiga magoti nyuma ya vani, ambako ndiko injini yake hukaa, akatega sikio kwenye bampa, akagonga mara mbili kama daktari. "Imekufa."

"Umesikia nini?"

"Kimya, mama. Kimya kibaya."

"Ngoja nikufungulie kifuniko cha injini uone."

"Usiguse! Ikipata hewa italipuka!"

"Lakini Bwana Pruitt, kuhusu hiyo injini, kuna jambo inabidi nikwambie—"

"Usijiumize, mama. Naujua uchungu wa kufiwa. Shika elfu tatu, nikuondolee huu mzoga leo hii."

Marlys alikuwa amesikiliza visingizio vya watoto wa shule kwa miaka thelathini. "Haya, andika," alisema.

Clifford akaandika kwa mkono wake: vani moja, bila injini ya maana. Wakatia saini. Akanywa kahawa, akala vipande viwili vya keki, akaiburuta vani yake huku akipiga mluzi.

Alipofika kwake akafungua kile kifuniko. Ndani mlikuwa mmefagiliwa vizuri, na mna ndoo ya plastiki.

Alirudi mbio, hata mlango hakugonga.

"Umenitapeli, bibi! Injini iko wapi?"

"Gereji. Niliitoa wiki iliyopita nipime kama dizeli itaenea. Nilitaka kukwambia, ukanipa pole ya msiba."

Waliingia gereji. Injini ilikuwa juu ya stendi, inang'aa. Marlys aliunganisha betri, akaiwasha. Ikanguruma bila hata kukohoa.

"Niuzie," alisema Clifford.

"Nikuuzie maiti? Mimi ni mtu wa kanisa."

"Haijafa, mama!"

"Wewe si ndiye uliyeisikiliza?"

"Nilikosea! Sikia mlio huo, laini kama siagi."

"Eh, kumbe. Nilikuwa nafikiria elfu tano. Basi iwe nane."

"Mama, mashine ya zamani kama hii ni imara, lakini—"

"Imara pia? Kumi na mbili."

"Humwonei mtu huruma? Hakuna nyingine Minnesota nzima!"

"Nyingine hakuna!" Marlys alijishika shavu. "Kumi na saba, mwanangu, na nimshukuru Mungu umenifumbua macho." Aliizima, akafuta mikono kwa kitambaa. "Sasa niambie na mafuta. Inakula sana, au kidogo?"

Clifford alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.