Asilimia Mia na Nne ya Kufuli za Kiini

Mheshimiwa Gavana, waheshimiwa manaibu wake, manaibu wa manaibu wake, wahandisi, watu wa televisheni, nanyi ndugu zangu wa Mansura mlioletwa na mabasi, itifaki imezingatiwa, na kama sijakutaja jihesabu umetajwa.

Mimi, Daktari Mhandisi Shaukat Abu Zeid, Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Kiini, nasimama kwa ule unyenyekevu wangu maarufu kutamka kwamba kufuli za kiini cha mfumo wetu wa kompyuta, yaani zile zinazoamua kazi ipi itangulie pale kazi maelfu zinapogombea mlango mmoja kwa pamoja, zimesukumwa, zimebanwa, zimeteswa, na zimefaulu kwa asilimia mia moja na nne! (Makofi. Sauti: "Hizo nne umezitoa wapi, mkubwa?")

Ni akiba ya mwakani. Na katika mchakato shirikishi wa utekelezaji wa tathmini, tuliwasimamisha manaibu wangu wawili mlangoni pa ofisi yangu, wote wana haraka. Wamegongana? Hata kidogo! "Tafadhali, Bwana Rifaat, wewe kwanza." "Wallahi sitangulii, Bwana Lutfi, pita wewe." "Haki ya Mungu sipiti!" Hivyo hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Amani tupu! Kufuli gani Ulaya zina adabu hiyo? (Vicheko. Mhandisi Nahla wa hospitali ya figo anasimama: "Daktari, si hakupita mtu! Hiyo ndiyo hitilafu yenyewe! Kiini kikiganda hivyo, mashine zetu zinasimama na damu ya watu ndani. Jumapili mnatuwekea mfumo huu, na mama yangu ni mgonjwa wa kwanza!")

Binti yangu, keti. Uzalendo haugandi. (Sauti: "Keti wewe!")

Kiini chetu! (Ukumbi: "Fahari yetu!") Kufuli zetu! (Ukumbi: "Ziko wapi?") Kwa kumalizia, namshukuru Gavana kwa kiti chake, na kipekee nawashukuru Rifaat na Lutfi, waliokubali kujaribiwa kwa niaba ya kiini, ambacho kitaanza kuandikwa mara tu tutakapompata wa kukiandika. Kwa hiyo Jumapili hospitali itapokea bango tu, mfumo utafuata. Asanteni sana.

(Anayepiga makofi ni Nahla peke yake, mpaka viganja vinawaka moto, machozi yanamtoka: "Mungu akuweke, Daktari! Usimpate kabisa huyo wa kukiandika!")